Uvimbe maji kwenye figo kwa familia zenye VHL: namna ya kuufuatilia ukiwa Tanga

Habarini ndugu zangu. Naandika hii kwa mtu aliyetoka kupiga altrasaundi, iwe pale Bombo au hospitali ya binafsi hapo mjini, akapewa karatasi imeandikwa kuna uvimbe maji figo zote mbili, halafu kwenye ukoo wao kuna mtu alipofuka akiwa bado kijana au alifariki na uvimbe kichwani, na hakuna aliyewahi kuyaunganisha hayo mambo. Kaka yangu tumbo moja anaishi na ugonjwa unaitwa von Hippel-Lindau, sisi nyumbani tunasema VHL tu, na mi ndo namshikia faili lake, kwaiyo haya ni yale tunayoyafanya na yale ambayo madaktari bingwa walitukalisha chini wakatueleza. Hayachukui nafasi ya daktari wako. Ila kuna maswali usipoyajua mapema unaingia chumba cha daktari na unatoka bila kuuliza lile la maana kuliko yote.

Hatua ya kwanza: jua unashughulika na kitu gani

Uvimbe maji mmoja au miwili kwenye figo ya mtu mzima wa miaka 50 au 60 ni jambo la kawaida sana, wengi wanao na hawajui, haumi na haugeuki kuwa chochote. Huo usikunyime usingizi. Kuna ugonjwa mwingine wa kurithi unaojaza figo uvimbe maji mpaka zinakuwa kubwa na mwisho zinashindwa kazi, huo ndo unaopatikana zaidi na mara nyingi hata ini linakuwa na uvimbe maji na presha iko juu. VHL ni kitu cha tatu, ni adimu, inakadiriwa mtu 1 katika kila watu 36,000 hivi anazaliwa nayo.

Tofauti yake ni hii, na hapa naomba usome taratibu. Kwenye VHL figo kufeli siyo tatizo la mbele. Tatizo ni kwamba ngozi ya ndani ya ule uvimbe maji, na nyama ya figo inayouzunguka, ina chembe ambazo tayari zimekosa breki, na baadhi yake zinakuja kuota kansa ya figo. Siyo kila uvimbe maji utageuka, mingi inabaki maji tu miaka na miaka. Lakini mtu mwenye VHL akiishi umri mrefu nafasi ya kupata kansa ya figo ni kubwa, wengine wanaikadiria kufika hata asilimia 70. Na inakuja kimya. Haina maumivu, mkojo uko safi, mtu anakula ugali wake na samaki anaenda kazini. Ndo maana ugonjwa huu unafuatiliwa kwa picha na vipimo, hausubiriwi mpaka uanze kuuma.

Kwa nini inatokea? Kila mtu ana jeni ya VHL, iko kwenye kromosomu namba 3, na ilijulikana mwaka 1993. Kazi yake ni kuiondoa protini fulani ambayo mwili unaitumia pale tu oksijeni inapopungua. Jeni ikiharibika, ile protini inabaki palepale haiondoki, chembe zinadhani hewa haitoshi wakati hewa ipo tele, zinaanza kuita mishipa mipya ya damu na kuongezeka bila sababu. Hii ndo kazi iliyowapa William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza tuzo ya Nobeli ya tiba mwaka 2019, jinsi chembe zinavyotambua oksijeni, na Kaelin alifika huko kwa kuchunguza hii hii VHL. Nalitaja kwa sababu watu wakisikia ugonjwa una jina la Kizungu refu na hospitali ya wilaya hawaujui wanaanza kuona labda ni mambo mengine. Hapana. Inajulikana inavyofanya kazi, hatua kwa hatua.

Na kwa vile jeni hiyo iko mwili mzima, vivimbe vinaweza kutokea sehemu kadhaa: nyuma ya jicho kwenye retina, kisogoni kwenye ubongo wa nyuma, kwenye uti wa mgongo, kongosho, tezi ndogo zilizokaa juu ya figo, sikio la ndani, na kwa wanaume pembeni ya korodani. Ukiona ripoti ya altrasaundi inasema figo zina uvimbe maji NA kongosho lina uvimbe maji kwa mtu wa miaka 25, hapo mwambie daktari waziwazi, naomba tufikirie VHL.

Hatua ya pili: chora ukoo kabla hujaenda kwa bingwa

Hii haina gharama na ndo iliyotusaidia kuliko kipimo chochote cha mwanzo. VHL inarithiwa kwa namna ambayo mzazi mmoja akiwa nayo, kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu ya kuipata, wa kike au wa kiume sawasawa. Hairuki kizazi. Ambaye hakurithi hawezi kumpa mtoto wake. Kuna watu wachache, kama 1 katika 5, ambao inaanzia kwao wenyewe na wazazi hawana, kwaiyo ukoo ukiwa safi bado haimaanishi huna.

Sasa shida ni kwamba wazee wetu hawakuambiwa majina ya magonjwa. Ukimuuliza bibi kama kuna aliyekufa na kansa ya figo atakwambia hakuna. Muulize watu walivyokuwa. Sisi tulienda kwa bibi Ngamiani baada ya alasiri, akatuwekea chai ya tangawizi, tukageuza kalenda ya zamani tukachora upande mweupe, babu juu, watoto wake chini, wajukuu chini zaidi.

Kaka akamuuliza, "Bibi, babu alifariki na nini hasa?"

"Kichwa mjukuu wangu. Kinamuuma asubuhi anatapika, na mwisho alikuwa akitembea anapepesuka kama kalewa, na pombe hajaionja maisha yake."

"Na ami?"

"Ami yako jicho. Hata mke hajaoa. Wakasema kahusudiwa, basi tukahangaika naye huko Pangani kwa waganga."

Halafu akanyamaza kidogo akasema, "Na baba yenu si ndo alipasuliwa figo."

Kupepesuka na kutapika asubuhi, hiyo ni kisogoni. Jicho, hiyo ni retina. Figo. Watu watatu kwenye mstari mmoja, upande wa baba. Ile kalenda ndo tuliyoikunja tukaenda nayo kwa bingwa na aliiangalia kwa muda mrefu kuliko alivyoangalia picha. Kwenye familia ambayo tayari ina VHL, mtu akionekana na kivimbe kimoja tu cha aina hizo, kama cha retina au cha ubongo au kansa ya figo, inatosha kusema anayo. Kwenye familia ambayo haijulikani wanataka waone zaidi.

Vitu vya kuulizia kwa wazee: nani alipofuka jicho akiwa kijana, nani alipasuliwa kichwa au mgongo, nani alikuwa na presha kali akiwa mdogo umri, nani alikuwa anapata mashambulio ya moyo kwenda mbio na jasho jingi na kichwa kugonga, nani alikufa ghafla akiwa mjamzito au kwenye upasuaji. Hilo la mwisho usiliruke, utaona chini kwa nini.

Hatua ya tatu: pata picha inayofaa

Altrasaundi ni nzuri kuanzia, bei yake inavumilika na haina mionzi. Lakini kwa VHL peke yake haitoshi. Altrasaundi inaona maji vizuri, ila kinyama kidogo kilichojificha katikati ya uvimbe maji mingi inaweza kukipita. Kinachotakiwa ni MRI ya tumbo, au CT kama MRI haipatikani, na ipigwe na ile dawa inayochomwa kwenye mshipa kung'arisha picha, kwa sababu bila hiyo dawa huwezi kutofautisha vizuri maji na nyama. MRI inapendelewa kwa sababu mtu wa VHL atapigwa picha maisha yake yote na CT ina mionzi inayojumlika.

Kabla ya dawa ya kung'arisha lazima upimwe damu ile kreatinini waone figo zinachuja vipi. Wakisahau, wakumbushe. Na waambie kama una pumu au uliwahi kuvimba kwa dawa yoyote.

Kwa sisi wa Tanga njia ya kawaida ni kuanzia hospitali ya wilaya au kituo chako, unaandikiwa rufaa kwenda Bombo, kutoka hapo bingwa anakuandikia rufaa ya juu. Ulizia Bombo kwanza vipimo gani vinafanyika palepale siku hiyo, usikimbilie basi. Ikibidi kusafiri, pale Segera ndo njia zinagawanyika, kushoto Muhimbili Dar es Salaam, kulia KCMC Moshi, na kilomita hazitofautiani sana kwaiyo chagua kwa sababu ya ugonjwa na mahali pa kulala. KCMC wana taasisi yao ya njia ya mkojo ya siku nyingi. Dar una Muhimbili, MOI kwa mambo ya kichwa na uti wa mgongo, CCBRT kwa macho, yote mji mmoja. Kama una ndugu Temeke au Mbagala wa kukulaza basi Dar inakusaidia zaidi maana unaweza kuunganisha kliniki ndani ya wiki moja.

Hatua ya nne: soma ripoti mwenyewe, tafuta sentimita

Hapa ndo nataka tukae.

Ripoti ikitoka usiishie kwenye lile neno la mwisho la "figo zina uvimbe maji kadhaa". Kadhaa ni ngapi? Kubwa ina ukubwa gani? Ina nyama ndani au ni maji matupu? Kuta zake ni nyembamba au nene? Ile dawa ilipochomwa, kuna sehemu iling'aa? Sehemu inayong'aa ina damu inayopita, ina uhai, na hiyo ndo nyama.

Kwa mtu wa VHL kinachoamua ni ukubwa wa uvimbe wa nyama mkubwa kuliko yote kwenye hiyo figo. Mpaka ni sentimita 3. Chini ya hapo kansa hii ni mara chache sana kusambaa kwenda mapafuni au mifupani, kwaiyo madaktari wanaufuatilia hawakimbilii kisu. Ukifika sentimita 3 wanapasua. Siyo kwa sababu sentimita 2.9 ni salama kabisa na 3.1 ni hatari kabisa, la, ni kwa sababu huyu mtu ataota mingine, na ukimpasua kwa kila kidogo atabaki hana figo akiwa na miaka 40, na ukichelewa sana itasambaa. Ndo mahali walipoona pana usawa baada ya kuwafuatilia wagonjwa miaka mingi.

Uvimbe wa maji matupu, hata ukiwa na sentimita 6, haupimwi kwa huo mpaka. Unaandikwa na kuangaliwa tena. Watu wanachanganya hapa sana, anaona "sm 5" anaanza kulia na ni maji, mwingine anaona "sm 2.4" anafurahi na ni nyama ambayo mwaka jana ilikuwa 1.5.

Kwaiyo fanya hivi: chukua daftari la kawaida la kaunta, kila picha andika tarehe, kipimo gani, wapi, figo ya kulia nyama kubwa sm ngapi, ya kushoto sm ngapi, kreatinini ngapi, presha ngapi. Mstari mmoja tu kwa kila picha. La kaka yangu liko hivyo, ukilifungua unaona figo ya kushoto imetembea milimita chache kila mara na ya kulia haijasogea. Daktari mpya akishika lile daftari anaelewa kwa dakika mbili kitu ambacho angekitafuta kwenye mafaili nusu saa. Nyingi zinakua polepole, milimita chache kwa mwaka, ndo maana picha moja peke yake haisemi mengi, kinachosema ni picha mbili zikiwekwa pamoja. Omba CD ya picha kila mara na uitunze, siyo karatasi tu. Na ukienda kupiga nyingine nenda na CD ya zamani mwambie mtaalamu wa picha alinganishe, bila hivyo ataandika ripoti ya kwake kama vile wewe umezaliwa jana.

Kama hakuna nyama, picha ya tumbo kila miaka 2 inatosha. Nyama ikionekana daktari atakuwekea karibu zaidi, mara nyingi miezi 6 mpaka mwaka.

Kaka yangu mwanzoni aliwahi kuambiwa mahali, hizo za kawaida tu kunywa maji mengi, na mahali pengine akaambiwa tutoe figo yote kesho. Wote wawili walikuwa wanaangalia picha bila kujua kuna VHL. Ndo maana nasema jina la ugonjwa liandikwe kwenye jalada la faili, juu kabisa, kwa kalamu nyekundu.

Hatua ya tano: kabla mtu hajakuchoma sindano au kukupasua

Uvimbe maji wa VHL haunyonywi maji kwa sindano ili upungue, unarudi, na kama una chembe mbaya hutaki zitobolewe ovyo. Hata kuchukua kinyama cha kupima kwa sindano mara nyingi hakuna haja, maana kwa mtu wa VHL wanajua tayari ni kansa ya aina gani.

Ukifika wakati wa kupasuliwa neno la kumwambia daktari ni moja: naomba tubakize figo. Yaani atoe uvimbe na ukingo kidogo, nyama nzuri ibaki, na akiwa mle ndani atoe na mingine yote anayoiona kwenye figo hiyo. Huo upasuaji unataka mtu aliyeuzoea, kwaiyo kusubiri wiki kadhaa upate bingwa wa njia ya mkojo kuna faida kuliko kufanyiwa haraka na figo nzima ikaenda. Kuna na njia ya kuchoma uvimbe kwa joto au kuugandisha kwa baridi kupitia sindano maalumu, kwa vivimbe vidogo, ulizia kama inafaa kwako.

Sasa hili naliandika kwa herufi kubwa: TEZI ZA JUU YA FIGO ZIPIMWE KABLA YA UPASUAJI WOWOTE. Wowote. Hata wa jino la kung'olewa kwa usingizi, hata hernia. Baadhi ya watu wa VHL wanaota kivimbe kwenye hizo tezi, kinaitwa feokromositoma, kinamwaga homoni zinazopandisha presha na mapigo ya moyo. Mtu anaweza kuwa nacho asijisikie chochote. Akilazwa mezani akapewa dawa ya usingizi, au daktari akakigusa bila kujua, presha inapaa mpaka mtu anaweza kupoteza maisha palepale. Na hii inahusu uzazi pia, mwanamke wa VHL apimwe kabla hajabeba mimba, na akiwa ameshabeba apimwe mapema kabla ya kujifungua.

Kipimo ni cha damu au cha mkojo wa saa 24, wanapima metanefrini, yaani mabaki ya zile homoni. Kikionekana kipo, kinatangulizwa kushughulikiwa chenyewe: unapewa kwanza dawa za kufungua mishipa kwa siku kadhaa, ndo baadaye za kutuliza mapigo ikibidi, halafu kinatolewa. Utaratibu usipinduliwe, zile za kutuliza mapigo kama propranololi zikitangulia peke yake zinaweza kuharibu zaidi. Ukipewa dawa ya presha popote sema una VHL.

Hatua ya sita: macho, kichwa na watoto

Figo zinatisha lakini jicho ndo mara nyingi linaanza. Kivimbe cha retina kikiwa kidogo kinachomwa kwa leza na mtu anaona maisha yake yote, kikiachwa kinavuja na retina inabanduka. Kila mwaka daktari wa macho atie dawa ya kupanua mboni aangalie mpaka pembeni kabisa. Miwani ya kununua barabarani haikuhusu.

Watoto wa mwenye VHL nao wana ratiba yao, na inaanza mapema kuliko watu wanavyofikiri. Macho kuanzia mwaka 1. Presha kupimwa kila mwaka kuanzia miaka 2. Metanefrini kuanzia miaka 5. MRI ya kichwa na uti wa mgongo, na masikio, kuanzia miaka 11 kila miaka 2. Tumbo kuanzia miaka 15. Najua ni mengi, najua MRI siyo ya bei ya mama ntilie. Anza na yale ya bei nafuu, macho na presha, hayo hata mzazi asiye na kitu anaweza kuyapata, na ndo yanayookoa jicho la mtoto.

Kipimo cha vinasaba kikipatikana kinapunguza mzigo mkubwa. Wanatafuta kwanza hitilafu kwa yule mwenye ugonjwa, wakishaijua, ndugu wengine wanapimwa hiyohiyo tu, na ambaye hana anaachana na mapicha yote maisha. Muulize bingwa wa hospitali ya rufaa kama sampuli inaweza kutumwa. Mi mwenyewe macho na tumbo vimeonekana safi, lakini kwa kuwa sijapimwa vinasaba bado naenda kliniki, na sioni shida.

Tafadhali msiwafiche wachumba. Kwetu pwani tunaogopa watasema ukoo una kasoro, binti hataolewa. Mchumba akijua mapema mtapanga uzazi na vipimo pamoja, akijua siku mke yuko leba presha 220 hiyo ni habari nyingine.

Hatua ya saba: maisha ya kila siku

Presha isipande. Sigara acha kabisa, inaongeza kansa ya figo hata kwa asiye na VHL. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni usizizoee, zinaumiza figo zikitumiwa mara kwa mara, tumia parasetamo na ukizidiwa uliza. Mitishamba ya kusafisha figo inayouzwa kwenye chupa sokoni, hujui kilichomo, na hakuna majani yanayokausha uvimbe wa VHL, anayekuahidi hivyo anakuchelewesha mpaka sentimita 3 inapita. Dua na kisomo endeleeni navyo, havigombani na MRI.

Ramadhani: kama kreatinini iko juu au umebakiwa na figo moja, muulize daktari Shaabani kabla mwezi haujaandama. Akikwambia usifunge usifunge.

Kuna dawa ya vidonge inaitwa belzutifan, Marekani waliiruhusu Agosti 2021 kwa wagonjwa wa VHL, inaifunga ileile protini niliyoisema mwanzo na vivimbe vya figo kwa wengi vinasinyaa. Bei yake ni kubwa mno, inapunguza damu na oksijeni, na mjamzito haruhusiwi kabisa maana inadhuru mtoto tumboni. Itaje kwa bingwa wako, aijue kwamba unaijua.

Bima ukiwa nayo nenda dirishani NHIF kabla ya safari uulize kipimo gani kinahitaji kibali, uwe na fomu ya rufaa iliyogongwa muhuri. Watu wanafika Dar wanarudishwa kwa muhuri tu.

Usisubiri kliniki, nenda siku hiyohiyo ukiona haya: mkojo una damu, maumivu makali ubavuni, kichwa cha asubuhi na kutapika, kupepesuka, miguu kufa ganzi au kukosa nguvu, pazia jeusi au vimulimuli kwenye jicho, sikio kuziba ghafla, au lile shambulio la moyo mbio, jasho na kichwa kugonga.

Na ikitokea figo zote mbili zimelazimika kutolewa, kuna kusafisha damu kwa mashine, na kuna kupandikizwa, Muhimbili walifanya upandikizaji wa kwanza wa figo nchini Novemba 2017. Mtu aliyekuwa na kansa ya figo huwa wanataka muda upite kwanza waone haijarudi. Kwa hapa kwetu figo inatoka kwa ndugu aliye hai, na kwa familia yenye VHL huyo ndugu lazima athibitishwe hana VHL kabla hata ya kupimwa kundi la damu, kwa sababu kaka na dada ndo wanaojitolea kwanza na ndo haohao wenye nafasi ya nusu kwa nusu. Jina la atakayejitolea lianze kujadiliwa nyumbani mapema, na aanze vipimo vyake vya macho na tumbo sasa.